Sahani Iliyorudi na Keki

Mgeni rasmi Bi. Makandi, afisa wetu wa watoto. Mzee wa mtaa. Majirani wa Majimbo. Na nyinyi watoto mlioketi mbele kwa sababu ya soda: hamjambo!

KUKARIBISHA
Sisi wakazi wa Ploti ya Kijani tumefurahi hata jogoo wa Rwamba amewika gari lako lilipopinda kona, na jogoo huyo ni bubu. Karibu, kaa kama uko kwenu.

HISTORIA
Ploti hii ilianza na vyumba vinne na bucha moja. Mbuzi wa enzi hizo walinenepa mpaka mmoja alipopita barabarani watu walivua kofia, wakidhani ni diwani. Waislamu na Wakristo tumeishi ukuta kwa ukuta, na sheria yetu ni moja: sahani ya jirani hairudi tupu. Ukiletewa kaimati, utarudisha hata ndizi mbili.

Sheria hiyo nusura ituulie mtoto.

Ramadhani iliyopita jirani yetu Mwanarusi alimpelekea kaimati Munene, kijana fundi wa pikipiki, chumba cha mwisho. Munene akakaa na sahani. Mama yake, Gatwiri, akaja kumtembelea kutoka Githongo, akaiona.

"Woi! Sahani ya watu imelala hapa? Kwani nilikulea wapi?"

Akachukua keki alizozikuta kwa sufuria ya kijana wake, akazipanga vizuri, akairudisha sahani kwa heshima zote. Hakujua zimetiwa bangi. Mwanarusi alikuwa amefunga, akaziweka mezani zingoje futari. Binti yake Asmaa, wa miaka mitatu, hakungoja.

Jioni mtoto anayumba, macho mekundu, kisha usingizi usioamshika. Kila mtu akawa daktari. "Ni meno!" "Amepigwa jicho!" Hata mimi ninayesoma hapa nilisema minyoo.

Hospitalini daktari akauliza, "Amekula nini?" Tukajibu, "Keki tu." Akashuku homa ya uti wa mgongo, akaanza kutayarisha sindano ya kumdunga mgongoni.

Ndipo Munene akaingia mbio, kiatu kimoja mguuni. Alikuwa amefika nyumbani, akauliza, "Mama, keki ziko wapi?" Akajibiwa, "Nimezirudisha na sahani ya Mwanarusi, nimekuondolea aibu." Angeweza kunyamaza, nani angejua? Akasema mbele yetu sote: "Daktari, zilikuwa na bangi. Ni zangu."

MAFANIKIO
Sindano iliwekwa kando. Asmaa aliwekewa maji, akaangaliwa anavyopumua mpaka asubuhi, akaamka akidai chapati! Mgeni rasmi, tulipiga vigelegele mpaka nesi akatufukuza.

Muturi seremala sasa ametuwekea kila chumba kabati la juu lenye kufuli: dawa, mafuta ya taa, sumu ya panya, vyote huko. Langu liko juu sana. Nikienda kuchukua panadol nafungasha chakula cha njiani. Na anayerudisha sahani huonja kwanza mlangoni, tukimtazama.

CHANGAMOTO
Munene alikamatwa palepale, na mpaka leo yuko rumande. Hatusemi bangi ni sukuma wiki. Alikosa, na Mwanarusi alimwambia hivyo machoni. Lakini wiki jana mtoto wa Kawira alikunywa mafuta ya taa kabla kabati lao halijafika. Kawira, badala ya kukimbia hospitali, alizunguka ploti akiuliza, "Nikisema ukweli, nitafungwa kama Munene?"

Mtoto anakohoa, mama anauliza sheria! Amepona, lakini hapo utani wetu uliisha.

OMBI
Tumesikia mahakama itasoma ripoti yako kabla ya hukumu, Jumatatu. Tunaomba uandike pia kile Munene alichomwambia daktari, na kwamba hakuna aliyemlazimisha. Adhabu aipate, ila iwe adhabu ambayo Kawira akiisikia hataogopa kusema.

Sasa Asmaa anakuletea kaimati. Usiogope, mama yake amezionja, nami nimezionja mpaka nikanyang'anywa. Sahani ni ile ile. Mungu akubariki wewe na wote unaowalea. Ukimaliza, nenda nayo. Utaturudishia baada ya Jumatatu, na desturi yetu umeshaisikia.

Ni sisi,
Wakazi wa Ploti ya Kijani, Majimbo, Embu.
Imesomwa na Mzee Jamaldin, mchinjaji mstaafu.