Ndugu Tumainieli na Siku ya Funguo

Kwa neema ya Mungu, Ndugu Tumainieli Mbwambo ametumikia kituo chetu cha msaada wa sheria hapa Same kwa miaka thelathini na mmoja. Anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu.

Alianza kama mhudumu wa mapokezi, akasoma akiwa kazini, akawa msaidizi wa sheria. Amepatanisha wakulima wa mpunga wa Ndungu waliogombania maji, na hakumuuliza mtu shida yake kabla ya kumuuliza kama amekula.

Hata hivyo, si haki kulinyamazia shauri la fleti. Bi Ernesta, mjane wa Myamba, aliuza shamba lake la tangawizi akanunua fleti hapa mjini. Kampuni ya ujenzi ikachelewa kuikabidhi kwa miaka minne, naye akiendelea kulipa kodi ya chumba. Ndugu Tumainieli alimweleza yeye na wanunuzi wenzake haki zao: wangeweza kuvunja mkataba na kurudishiwa fedha; au kupokea fleti, ila siku ileile ya kupokea watamke kwamba bado wanadai fidia ya ucheleweshaji. Wakinyamaza, dai limekufa. Wakachagua kupokea.

Siku ya funguo kampuni ilileta mchungaji, shehe na masufuria ya pilau. Kwetu Upareni, mbele ya chakula cha shukrani mtu hafungui madai. Ndugu Tumainieli alipoinuka kusema, Mzee Habibu, mmoja wa wanunuzi, akamtania: "Kaa, mdogo wangu! Sheria haipoi, pilau ndiyo inapoa!" Watu wakacheka, naye, kwa kumheshimu mzee, akaketi. Funguo zikapokelewa kwa vigelegele. Walipodai fidia mahakamani, kampuni ikasema wanunuzi walipokea kwa shukrani, bila neno. Bi Ernesta akakosa fidia.

Ndugu Tumainieli hakumlaumu mtu. Alikwenda kumwomba radhi Bi Ernesta, naye akamjibu kwamba amekwisha kumsamehe, ila asiwaache wanunuzi wa jengo la pili la kampuni ileile. Hao hawajapewa funguo hadi leo, na kwa jambo hilo anaondoka kazini akiwa na moyo mzito. Amewafundisha kwamba Mwenyezi Mungu hachukizwi na haki inayotamkwa kabla ya shukrani.

Tunakushukuru, ndugu yetu. Nenda ukapumzike kwa amani ya Bwana, uwaone wajukuu wakikua. Bi Ernesta ameahidi kuwa siku jengo la pili litakapokabidhiwa atakuwapo, na kabla mchungaji hajafumba macho kuombea chakula, atakayesimama kusema ni yeye.