Mwalimu Shigela na Mstari Ulionenepa

Marehemu Mwalimu Alexander Shigela alizaliwa tarehe 9 Agosti 1957 Nansio, Ukerewe, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Ngosha na Mama Getruda. Alisoma Nansio, kisha Mwanza mjini, na mwaka 1983 alihitimu shahada ya fizikia Dar es Salaam. Mpaka hapo familia nzima inakubaliana.

Ugumu ni kazi yake. Alifundisha chuo hapa Mwanza miaka thelathini na moja, lakini familia imekaa nyumbani Kiseke siku mbili ikibishana iandike nini. Bintiye Winnie, anayesoma wasifu huu, anajua hivi: gesi ikipitishiwa umeme hutoa mwanga, na chombo cha baba yake kiliutenganisha mwanga huo ukaonekana kama mistari myembamba ya rangi. Gesi ikishindiliwa, molekuli zake hugongana mara nyingi zaidi, na mstari hunenepa. Mwalimu alipima unene huo. Kwa nini mstari unenepe tu, Winnie aliuliza mara nyingi, na hata leo hana uhakika kama alielewa.

Tarehe 5 Desemba 1987 Mwalimu alifunga ndoa na Hellen. Wiki ya kwanza Hellen aliona mstari mnene, akadhani ni vumbi, akasugua kioo cha chombo kwa kitenge mpaka kikapata mikwaruzo. Mwalimu hakufoka. Kwenye mazoezi ya kwaya ya Hellen alimwomba aimbe sauti moja ndefu huku wenzake wakimsukuma begani. Sauti ikayumba.

"Umesikia, Hellen? Ukigongwagongwa, sauti haibaki moja. Na mwanga ni hivyo hivyo."

Hellen anasema alichoambulia ni bega kuuma.

Januari 2025 Mwalimu alianza kuugua figo. Hata kitandani alipiga hesabu, kwani mstari mmoja ulikuwa mnene kupita hesabu zake zote na sababu hakuijua. Mdogo wake Luhaga ameomba hilo lisisomwe, asije msomi akazikwa na aibu. Lakini tarehe 18 Mei Winnie alimuuliza baba yake aandike nini. Akamjibu:

"Andika nilipima miaka thelathini, na huu wa mwisho sikuuelewa. Usinipambe."

Alifariki kesho yake alfajiri. Baba mdogo Luhaga atusamehe, limesomwa.

Ameacha mjane Hellen, watoto wawili, Winnie na Elias, wajukuu wanne, na ndugu wengi ambao hawakumwelewa wakampenda hivyo hivyo. Mungu ampokee, ampumzishe kwa amani, na ule mstari amweleze.