Mwalimu Aliyeyaondoa Matokeo Yake Mwenyewe

Mama yetu mpendwa alizaliwa Jumapili, tarehe 14 Machi 1948, mtoto wa tatu kati ya sita wa karani wa posta na mshonaji nguo. Bibi alipenda kusimulia kwamba binti huyo alianza kuuliza "kwa nini" kabla hajajua kufunga vifungo vya gauni lake, na kwamba jibu la "ndivyo ilivyo" halikumtosha hata siku moja.

Alisoma katika shule ya misheni kuanzia mwaka 1955, kisha sekondari ya bweni ya wasichana hadi 1967. Masista walimfundisha kutandika kitanda bila kunyanzi, kuimba sauti ya pili, na kukiri kosa kabla ya kuulizwa. Baada ya kufundisha shule ya msingi kwa miaka minne, alijiunga na chuo kikuu na kuhitimu shahada ya saikolojia mwaka 1975.

Januari 1976 aliajiriwa katika kitivo cha elimu, alikofundisha utangulizi wa saikolojia kwa miaka thelathini na miwili, katika chumba kilekile cha ghorofa ya pili chenye ubao uliopasuka pembeni. Kila mwaka alianza kwa kuuliza ni nani anayeamini kuwa ndoto hutabiri. Hakukosekana wa kujibu.

"Mimi, Mwalimu. Bibi yangu akiota mvua, kesho yake inanyesha."

"Na siku alizoota mvua, jua likawaka?"

"Aa, hizo nani anazikumbuka!"

Darasa likaangua kicheko. "Basi," alisema, akichukua chaki, "tuanze na hizo." Wanafunzi wakamwita Bi Ushahidi, naye akalipokea jina hilo kwa furaha.

Tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa na fundi redio mwenye kibanda mkabala na lango la chuo, wakajaliwa watoto watatu. Mzee alitangulia mwaka 2012. Alikuwa mtu wa mzaha, na mzaha wake mmoja uligeuza maisha ya mkewe.

Mwaka 1988 marehemu alitaka kujua kama mtoto aliyepumzika dakika kumi hukumbuka zaidi. Kwa idhini ya wazazi, watoto sitini waligawanywa kwa kura: nusu wakapumzika, nusu wakaendelea na hesabu. Kisha yeye mwenyewe akalisomea kila kundi maneno ishirini, kinasa sauti kikirekodi, nao wakaandika waliyoyakumbuka. Waliopumzika waliwaacha wenzao mbali. Matokeo yakachapishwa katika jarida la chuo, na jina lake likapelekwa kwenye kamati ili apandishwe kuwa profesa.

Wiki mbili kabla ya kikao, mumewe alikuwa akitengeneza kinasa sauti chake, akakijaribu kwa kanda za utafiti ule. Akaanza kucheka.

"Mama Watoto, hivi wale wengine walikukosea nini?"

"Akina nani?"

"Hawa unawasomea kama unawabembeleza walale. Wale unawakimbiza kama mbuzi waliovamia shamba!"

Alichukua saa, akapima. Waliopumzika walisomewa maneno yote kwa sekunde themanini. Wenzao kwa hamsini na tano. Hakukusudia. Alijua nani yuko kundi gani, alitamani dhana yake iwe kweli, na ulimi ukamsaidia bila kumwomba ruhusa.

Mkuu wa kitivo alimsihi: "Dada yangu, nani atazisikiliza kanda hizo? Acha kikao kipite kwanza."

"Mimi nimeshazisikiliza."

Aliliandikia jarida barua ya kuyaondoa matokeo yake, na jina lake likaondolewa kwenye orodha ya kamati. Wapo waliosema amejichimbia kaburi. Akarudia utafiti: safari hii maneno yalirekodiwa mara moja tu, na msaidizi aliyesahihisha karatasi hakuambiwa nani alipumzika. Tofauti ilibaki ya neno moja. Akalichapisha hilo pia, likasomwa na wachache. Lakini tangu hapo kila darasa lake lilisikilizishwa kanda zile mbili. "Sikilizeni nilivyokosea," aliwaambia, "ili ninyi mkosee mapya."

Agosti 2019 alipatwa na kiharusi kilichoudhoofisha mkono wake wa kulia. Tunawashukuru kwa dhati wauguzi na madaktari waliomhudumia. Daktari alipompima kumbukumbu kwa maneno matano, alitaja manne, kisha akauliza kwa upole, "Daktari, na wengine huwasomea kwa mwendo huuhuu?" Alifariki nyumbani, Jumatano tarehe 9 Juni 2021, saa nne asubuhi, mikononi mwa binti yake mkubwa.

Ameacha dada mmoja, watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu saba, na walimu aliowafundisha, ambao hatukuweza kuwahesabu, ingawa yeye angetutaka tujaribu.

Mwezi Aprili mwaka huu, kitindamimba wake alimwambia, "Mama, siku ikifika tutakuandika Profesa. Hakuna atakayepinga."

"Msinipe nilichokiachia mwenyewe, mwanangu."

"Hukujuta?"

"Nilijuta mwezi mzima. Kisha nikaingia darasani."

Ndiyo maana jalada la kijitabu hiki limeandikwa Mwalimu. Tunamshukuru Mungu aliyetuazima mtu wa namna hii kwa miaka sabini na mitatu. Pumzika kwa amani, Mwalimu.