Rosaura Anachagua Seti ya Bia

Mbele ya duka la vifaa vya bia la Don Fermín, pale El Bolsón, pana benchi la mbao ambalo mtu mwenye shughuli zake halikalii. Siku hiyo lilikaliwa na Kimbaumbau, mnene mpaka vifungo vya shati vinamwonea aibu. Na Mkemia, aliyepata jina hilo kwa kuuza sabuni ya maji. Na Bibi Cuca mwenye chupa ya maji moto, ambaye ndiye mgawaji wa mate. Mate ni chai yao ya majani, na mnaotaka kucheka chekeni: kibuyu kimoja na mrija mmoja hupita vinywa vyote. Kwenye ncha ya benchi alikaa Rosaura Painefil, mgongo ukimuuma. Maisha yake yote amechuma hopsi, maua yanayoipa bia uchungu wake, kwa ajili ya bia za watu wengine. Sasa shamba limeleta mashine, na kiwanda kidogo cha bia cha hapo mjini kimemwambia: pika mwenyewe mara mbili, utuletee, na ya pili iwe sawasawa na ya kwanza. Atakayefaulu ataajiriwa, na nafasi ni moja tu. Duka lilikuwa karibu kufungwa kwa usingizi wa mchana, na basi la kwao Mallín lingeondoka kabla halijafunguliwa tena. Badala ya kuingia moja kwa moja, Rosaura aliuliza benchi. Hapo ndipo alipojikwaa.

— Seti za kupikia bia nyumbani zipo mbili, — alisema. — Ndogo ina kopo la kimea kilichokwisha kupikwa, kizito kama asali. Unatia maji, unatia hamira, unafunika ndoo. Kubwa ni ya nafaka, kila kitu unaanza mwenyewe. Nichukue ipi?

— Nafaka! — Kimbaumbau hakumwacha avute pumzi. — Kopo ni la watoto, dada. Utawapelekea wapika bia bia ya kopo? Watakucheka mpaka barabarani.

— Sijawahi kupika hata sufuria moja. Nafaka ikiungua je?

— Ikiungua unaiita bia nyeusi.

— Usimsikilize huyo, — alisema Mkemia. — Shida si kopo wala nafaka, shida ni joto. Hamira ni kiumbe hai. Ukiiweka karibu na jiko inapandwa na wazimu, ukiiweka barazani kwenye baridi inalala. Wewe unahitaji seti yenye kipimajoto, pampu na bomba la shaba la kupozea.

— Don Fermín hana hiyo.

— Basi subiri ailete.

— Nisubiri! Nisipopika wiki hii, kazi anapewa shemeji ya bosi.

— Hamira haimjui shemeji ya mtu, mama.

Bibi Cuca alimsukumia kibuyu mkononi.

— Kunywa kwanza, mwanangu, umekunja uso kama ngumi. Hawa wanaume wanakupoteza. Bia ni maji. Yale ya bomba yana dawa. Panda mtoni juu kabisa, uchote kabla ng'ombe hawajaamka.

— Na seti, bibi?

— Yoyote. Ila usipike nyumba ikiwa na ugomvi. Hamira inasikia.

— Inasikia kwa masikio gani? — aliuliza Mkemia.

— Kwa yale ambayo wewe hukupewa. Timu ya taifa ilipotolewa kwa penalti, jirani yangu alikuwa na ndoo jikoni. Alipiga yowe moja tu. Povu likashuka, na halijapanda tena mpaka leo.

— Hapo umenena, — alisema Kimbaumbau, akisahau kuwa alikuwa upande wa nafaka. — Kuna mmoja kule Bariloche anazipigia hamira zake kinanda, zile nyimbo za huzuni za dansi ya tango.

— Ndiyo maana bia yake inaliza watu!

Walicheka wote isipokuwa Rosaura. Alikuwa akimtazama Don Fermín kupitia kioo. Mzee alishaingiza kibao cha nje, alishazima taa ya nyuma, na sasa alikuwa akipapasa funguo mfukoni.

— Jamani, anafunga. Kopo au nafaka? Nipeni neno moja.

— Nafaka!

— Pampu!

— Maji!

Msichana mgeni, begi mgongoni na pua imebabuka kwa jua, alikuwa amesimama hapo akisubiri wapumue.

— Samahani, nimewasikia tangu kona ile, — alisema. — Natamani kuonja bia ya kupikwa nyumbani kabla sijaondoka mji huu. Kati yenu, ya nani ndiyo tamu?

Kimbaumbau aliangalia viatu vyake. Mkemia alifuta miwani, akaivaa, akaivua, akaifuta tena. Bibi Cuca alitikisa chupa kana kwamba jibu liko ndani yake.

Rosaura alimrudishia kibuyu.

— Asante, — alisema.

Kwenye benchi lile neno hilo si la adabu. Anayerudisha kibuyu na asante amesema nimetoka, usinimiminie tena.

— Umekasirika, mwanangu?

— Nimeshiba, bibi.

Don Fermín alikuwa ameshusha mlango wa chuma hadi usawa wa kiuno.

— Tumefunga. Njoo saa kumi na moja.

— Saa kumi na moja nitakuwa Mallín, mikono mitupu.

— Mama, chakula changu kinapoa. Unajua unachotaka, au umekuja kuuliza?

Rosaura alichungulia ndani. Seti ya nafaka ilikaa rafu ya juu, boksi zuri lenye picha ya mwanamume wa ndevu anayecheka. Kiwandani hakuna aliyemwambia alete bia ya ajabu. Walitaka kujua kama mkono wake unaweza kurudia jambo lilelile.

— Seti ya kopo. Mbili, aina moja, hamira ileile.

— Mbili? Anayeanza huchukua moja.

— Ya kwanza ikitoka vizuri watasema bahati.

Mzee alimtazama, kisha akainua mlango kidogo, kiasi cha mtu kuinama. Rosaura akainama, mgongo ukalia, akapita. Nyuma yake benchi lilikuwa limeamka.

— Rosaura! — Kimbaumbau alipaza sauti. — Usilipe kwanza! Tunakuja tuitazame wote ile ya nafaka!

— Don Fermín, — alisema Rosaura, — hebu shusha hicho chuma mpaka chini.