Kifaa Kifuani mwa Fundi Saa

Benchi letu limeegemea ukuta wa kinyozi, nami nauza kahawa hapo, mwanangu mgongoni. Mwisho wa benchi hukaa Fundi Saa. Tangu alipowekewa kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, wenzake huacha simu zao kwenye sufuria yangu tupu kabla ya kukaa naye, zisije zikakivuruga. Hakuna aliyewaagiza. Asubuhi hiyo redio ilitangaza kwamba watafiti wamegundua aina moja ya vifaa hivyo huzimika kabla ya muda wake, na serikali imezuia visiwekwe tena. Kinyozi aliizima redio, lakini alichelewa.

— Aina moja tu, mzee wangu, alisema Kinyozi.

— Nimesikia. Moyo ndio mbovu, masikio mazima, alijibu Fundi Saa.

— Hivyo ni vilivyotumika, akasema Winchi, mpakia mizigo. Mtu akifa wanakichomoa, wanakisafisha, wanampachika mwingine.

— Winchi, wewe unajua magunia. Nyamaza, Kinyozi alimkatiza.

— Haya, niambie wewe unayejua.

— Wanaovitengeneza wanavizima wenyewe, wauze vipya, alisema Kinyozi. Na sisi tunahangaika na simu.

— Kwa setilaiti, Winchi akadakia. Kuna mtu amekaa mahali, kidole kwenye kitufe.

Nilimsogezea Fundi Saa kikombe chake. Nikakishika kwa chini, akanywa kidogo, hakunitazama.

— Saa ikisimama wananiletea mimi, alisema. Hiki kikisimama, nitampelekea nani?

Winchi alisogea, bega lake likagusana na la mzee, akabaki hivyo.

Msichana mmoja alikuwa amesimama akisubiri kahawa yake. Sikumfahamu.

— Samahani, baba. Chako ni cha aina gani?

Kinyozi alimtazama Winchi. Winchi alinitazama mimi. Tulikuwa tukikaa naye kila siku, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

— Hawakuniambia, mwanangu, alisema Fundi Saa. Waliniambia tu ni kizuri.

Kinyozi alivua koti lake la kazi, akafunga mlango.

— Inuka, mzee wangu. Twende hospitali tukawaulize.

Winchi alichuchumaa mbele yake ili ambebe mgongoni. Fundi Saa alitikisa kichwa, akaweka kiganja kifuani, akakiacha hapo.

— Nitatembea, alisema. Ila twendeni polepole.