Shuka la Mwalimu Nyangi na Taa Zake Mbili

Ndugu, majirani na watoto wa shule mliofika hapa Kisegi leo, tarehe 17 Oktoba 1998, familia imeomba msomewe maisha ya Mwalimu Nyangi Gisiri, na mtuvumilie tutakapokwama, maana yapo mambo ambayo ni yeye tu angeweza kutueleza.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 karibu na Kegonga, mtoto wa pili wa Mzee Gisiri, akaanza shule ya msingi mwaka 1957, kisha akaenda chuo cha Asumbi, alikohitimu ualimu mwaka 1969. Alifundisha kwanza nyumbani Kuria, akahamishiwa huku Suba mwaka 1971, akakutana na Javan Odoyo, fundi wa injini za maboti aliyejulikana kote ufuoni mwa ziwa kwa maneno mengi, wakafunga ndoa tarehe 19 Agosti 1972, na Mungu akawajalia Scovia mwaka 1973, Byron mwaka 1976 na Liz mwaka 1980.

Alifundisha Sayansi Kimu na ushonaji, lakini mwaka 1991, nyaya za somo la umeme zilipokwisha, alichukua uzi wa fedha wa kutarizia, akaushona juu ya kitambaa kutoka kwenye betri hadi kwenye taa ndogo, taa ikawaka, na darasa zima likapiga kelele. Tangu hapo alinunua uzi huo kwa Kaltum, mwenye duka la vitambaa mjini Migori, aliyezoea kumtania, "Mwalimu, kanzu gani hii haiishi, ama unamshonea jini?" naye akimjibu kwamba jini hana shida na giza.

Tarehe 6 Juni 1995 mumewe alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukalala na maneno yote yakamwisha, hata kichwa hakikumtii kuitikia wala kukataa, na baada ya majuma mengi ya kuharibu na kufumua, Mwalimu alimvika shuka lenye vibonyezo viwili vya kitambaa kwa ndani, upande wa mkono wa kushoto, cha juu kikiwasha taa ya kijani, yaani ndiyo, na cha chini kikiwasha nyekundu, yaani hapana. Kwa shuka hilo Javan alichagua chakula, alikataa wageni, na hata aligombana na mkewe, nasi tukasikia nyumba ikicheka tena.

Mwalimu aliugua moyo kuanzia Mei mwaka huu, akalazwa hospitali ya Homa Bay, na alifariki tarehe 9 Oktoba.

Hapa ndipo familia ilipochanganyikiwa. Werema, kaka wa marehemu, alisema shuka hilo, kazi ya mikono ya dada yake, liende naye kaburini, wazee wa hapa wakamjibu, "Utazikaje ulimi wa mtu aliye hai?" na mwishowe wakakubaliana kwamba Javan mwenyewe aulizwe. Lakini kina mama waliokuja kutusaidia walikuwa wamefua nguo zote za nyumba ya msiba, kama ilivyo desturi, na shuka, ambalo marehemu hakulifua kamwe bali alilipangusa tu, likafuliwa na kukamuliwa pamoja na nguo nyingine. Werema aliinama akauliza, "Shemeji, tumzike nalo?" na taa zote mbili zikawaka, akauliza tena, zikawaka zote, Javan akalia, na hakuna aliyejua kama ni moyo wake uliogawanyika au ni nyuzi zilizogusana.

Jana Scovia alikaa miguuni pa baba yake akiwa na sindano, akatenganisha nyuzi moja moja, bila kujua kama anatengeneza au anaharibu zaidi. Alipomfunika tena, kabla Scovia hajafungua kinywa, Javan alibonyeza, ikawaka ya kijani peke yake, akaendelea kuibonyeza huku akitazama kiti cha mkewe, wala hakuwa ameulizwa swali lolote. Hatujui alikuwa akimkubalia nani, na hatukuwa na moyo wa kumuuliza swali letu la kaburi, kwa hiyo mnamwona leo amejifunika shuka lake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, kina mama waliofua kwa upendo, walimu wenzake, na Kaltum, aliyetoka Migori na uzi mkononi, akisema labda utahitajika.

Mwalimu, umetuachia taa, hukutuachia maelezo. Pumzika kwa amani.