Mkono Uliotetemeka: Maisha ya Attracta Horan Guinan, 1960–2025

Padri Ailbe, ndugu zetu, majirani wa Banagher na wa Shannonbridge, nanyi wenzetu wa studio mliofunga kazi ili muwe nasi leo Jumamosi, tarehe 18 Januari 2025, familia imenipa jukumu la kuwasomea historia fupi ya mpendwa wetu, nami nimejitahidi kuiandika kwa utaratibu unaostahili, ila mnisamehe nikiteleza, kwa maana msomaji ndiye mfiwa mwenyewe, na marehemu alikuwa mke wangu.

Marehemu Attracta alizaliwa tarehe 11 Agosti 1960, nyumbani kwao nje kidogo ya Shannonbridge, akiwa mtoto wa nne na wa mwisho wa marehemu Bernard Horan, aliyekata udongo mweusi wa kuwashia moto kule kinamasini, na marehemu mkewe Philomena, na kwa kuwa siku hiyo ni sikukuu ya Mtakatifu Attracta hapakuwa na mjadala juu ya jina, japo mwenyewe alilalamika hadi uzeeni kwamba angechelewa siku moja tu angeitwa Clare.

Alisoma shule ya msingi Shannonbridge kuanzia mwaka 1965 hadi 1973, kisha sekondari ya masista hapa Banagher hadi Juni 1978, na katika kipindi hicho, Aprili 1976, Sista Benignus aliwapeleka wanafunzi Dublin kukitazama kitabu cha Injili kilichonakiliwa na kupambwa na watawa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, kikiwa ndani ya kioo, ukurasa mmoja tu umefunguliwa, na wenzake walipopita haraka kwa kuwa waliahidiwa chipsi, yeye alibaki akiufuata kwa kidole mkia wa simba ulivyopita juu ya fundo na chini ya fundo, juu na chini, mpaka akafika mahali ulipopita juu mara mbili mfululizo.

"Sista, huyu mtawa amekosea," alisema.

"Attracta, huyo mtawa yuko mbinguni."

"Yuko mbinguni, Sista, lakini hapa amekosea."

Alinyimwa chipsi. Alinisimulia kisa hicho mara nyingi, na kila mara alimalizia hivyohivyo, kwamba ukurasa wote ulionekana kama umedondoka kutoka mbinguni, ila pale penye mkia ndipo alipomwona mtu, amechoka, vidole vyake vina baridi, na kuanzia siku hiyo alijua atachora.

Mwaka 1978 alijiunga na chuo cha sanaa Dublin, akahitimu Juni 1982, na kuanzia Septemba mwaka huo aliajiriwa kama mchoraji katika studio ya filamu za katuni, ambako mimi nilifika Januari 1986 kama msafishaji wa mistari, yaani mtu anayepokea mchoro wa mchoraji ukiwa umejaa mikwaruzo, akaulaza juu ya meza yenye taa, akaweka karatasi mpya juu yake na kuchora upya kwa mstari mmoja safi. Attracta alikuwa na michoro michafu kuliko wote pale, nayo ilikuwa hai kuliko yote. Tulifunga ndoa tarehe 6 Mei 1989 katika kanisa hili hili, na kaka yake Cormac, apumzike pema, alisema kwenye karamu kwamba ndoa hii itadumu, maana mmoja anachafua na mwingine anasafisha. Mungu alitujalia mtoto mmoja, binti yetu Líadan, aliyezaliwa tarehe 19 Oktoba 1993.

Mwaka 2001 tulirudi nyumbani na kujiunga na studio iliyofunguliwa na Bwana Colman Rigney katika jengo la zamani la kutengenezea kimea cha bia kando ya mto, na ni hapo marehemu alipofanya kazi iliyokuwa moyoni mwake tangu siku ile ya chipsi, ile filamu ya watawa wa kando ya mto huu huu, enzi za mashua za wavamizi, na mwandishi mzee anayejitahidi kumaliza ukurasa wa mwisho wa kitabu kabla mashua hazijafika, filamu ambayo haina kivuli wala umbali, kila kitu kimelala bapa na kujaa miviringo kama walivyochora wao. Colman alimpa Attracta kazi ya kumchora yule mzee, mwili wake, uso wake na hasa mkono wake, na marehemu aliweka kioo mezani, akawa anautazama mkono wake mwenyewe.

Mkono huo ulianza kutetemeka Machi 2019, na tarehe 4 Juni mwaka huo madaktari walituambia kwamba ni ugonjwa wa Pakinsoni.

Hapa utaratibu ungenitaka niseme kwamba marehemu aliupokea ugonjwa kwa subira, akaendelea na kazi, kisha niende kwenye kifo. Ningefanya hivyo, nisingelitendea haki jeneza hili.

Sehemu ya mwisho ya yule mzee, pale anapoandika mstari wake wa mwisho, ni ya sekunde nane, na sekunde moja ina michoro kumi na miwili, kwa hiyo ni michoro tisini na sita, ambayo marehemu aliichora kwa wiki saba, akaishika kalamu kwa mikono miwili pale mmoja ulipokataa, na tarehe 10 Septemba 2021 akaiweka mezani kwangu. Niliitazama nikaumia. Kila mstari ulitetemeka. Mimi, niliyeisafisha kazi yake miaka thelathini na mitano, nikaona nimsitiri, na badala ya kuweka karatasi mpya juu kama kazi inavyotaka, nilichukua kifutio, nikafuta karatasi zake zenyewe moja baada ya nyingine, nikachora humohumo mkono uliotulia, mkono wake wa zamani, ili asije mtu akafungua sanduku la michoro akajua.

Nilimkabidhi karatasi hizo baada ya siku kumi na moja nikiwa na furaha, Mungu anisamehe. Alizipepesa kwa vidole kama tunavyofanya ili kuona mchoro ukitembea, akazipepesa tena.

"Huyu mzee ni nani?" akauliza.

"Ni wako, mama. Nimekunyooshea tu."

"Zangu ziko wapi?"

Akaigeuza karatasi kwenye mwanga, akaona makovu ya kifutio.

"Umenifuta, Fintan," alisema. "Yule mtawa wangu angekuwa na mume kama wewe, siku ile nisingemwona mtu pale kwenye kioo."

Hakunisemesha kwa siku tisa, ingawa kila asubuhi nilikuta chai yangu mezani na mkate umekatwa. Siku ya kumi alianza upya mchoro wa kwanza, safari hii mkono ukiwa mbaya zaidi, na filamu nzima ikimsubiri, Colman akizuia waliokuwa wakidai tarehe, mpaka tarehe 16 Desemba alipomaliza mchoro wa sabini na moja, kalamu ikaanguka, akaiokota, ikaanguka tena. Ilibaki ishirini na mitano. Colman alikuja, akachuchumaa mbele yake.

"Attracta, mwache Fintan amalizie."

"Fintan hajui kutetemeka," akajibu. "Mwangalie. Mkono kama wa daktari wa meno."

Ni kweli nilijaribu, na tetemeko langu lilikuwa la uongo, hata mtoto angelijua. Ndipo akavuta kiti chake karibu na changu, akaweka mkono wake wa kulia juu ya kifundo cha mkono wangu, kalamu ikiwa kwangu.

"Usiushike. Uache uende."

"Unakwenda wapi?"

"Unakotaka wenyewe. Maisha yako yote umenyoosha, leo acha."

Michoro ishirini na mitano ya mwisho tuliichora hivyo, hadi tarehe 28 Januari 2022, na mliokuwa ukumbini filamu ilipoonyeshwa hapa Oktoba 2023, mkalia mzee alipoiweka kalamu chini, sasa mnajua ni mkono wa nani.

Baada ya hapo ugonjwa ulimwandama kwa haraka, alilazwa Tullamore Novemba 2024, akarudi nyumbani kwa matakwa yake kwa ajili ya Krismasi, na Jumatano iliyopita, tarehe 15 Januari 2025, saa nne asubuhi, akafariki kwa homa ya mapafu, Líadan akafungua dirisha ili roho ipite na kusimamisha saa, kama bibi yake alivyomfundisha. Mkono wa Attracta ulikuwa ndani ya wangu. Ulitulia, kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita, nami nilikaa pale nikiungoja utetemeke.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Tullamore, muuguzi Bríd aliyekuja kwetu kila asubuhi hata barabara ilipoganda kwa barafu, majirani mliochimba kaburi na kuleta mikate ya nyama hadi tukakosa pa kuiweka, Padri Ailbe, na wenzetu wote wa studio, hasa Colman, aliyesubiri. Marehemu ameacha mume na binti mmoja.

Líadan aliniomba jana ninakili upya karatasi hii, kwa kuwa ina mikwaruzo mingi na imelowa hapa na pale. Nimekataa. Na kwako, Attracta, asubuhi kabla hawajafunga jeneza nimeweka kifutio changu ndani, chini ya mkono wako wa kulia, kaa nacho, mimi sikitaki tena.

Pumzika kwa amani, mchafuzi wangu.